Maneno Matatu ya Kutoka 22:18

Kijana aliyekuwa na zamu ya kusoma alifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 22, akaenda moja kwa moja mpaka mstari wa 18, akasoma kwa sauti iliyosikika hadi barazani: “Usimwache mwanamke mchawi kuishi.” Kisha akafunga Biblia, akaketi.

Hakuna aliyesema neno.

Tulikuwa watu kumi na wanne katika sebule ya jirani yetu hapa Mwanza, kwenye maombi yetu ya Alhamisi jioni. Somo tulilokubaliana wiki iliyotangulia lilikuwa habari ya mjane na yatima, ambayo imo katika sura hiyo hiyo, mistari minne tu mbele ya pale kijana aliposimamia. Karibu na mlango aliketi bibi mmoja, mjane, ambaye minong’ono ilikuwa ikimfuata tangu mtoto wa nyumba ya pili alipofariki kwa homa. Macho yake ni mekundu, kama yalivyo macho ya kila mwanamke aliyepuliza moto wa kuni na kinyesi cha ng’ombe kwa miaka hamsini. Mstari uliposomwa hakunyanyua kichwa. Aliendelea kukunja na kukunjua pindo la khanga yake.

Nilisoma Kiebrania chuoni kwa miaka miwili. Katika sebule ile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mstari ule, katika lugha ulioandikiwa, una maneno matatu tu, na kwamba la kwanza kati ya hayo limewasumbua wafasiri kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Nilinyamaza. Tuliimba, tukaomba, tukaagana, na bibi yule akaondoka mapema kuliko desturi yake.

Wiki tano zimepita, na ukimya wangu wa jioni ile bado haujaniacha.

Neno moja, majina mawili

Maneno yenyewe ni haya: *mekhashefa lo tekhaye*. La kwanza linatoka katika mzizi wa herufi tatu, kaf, shin na pe, na limewekwa katika umbo la kike. Nilipolifuatilia katika Biblia yetu ya Muungano, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekulia, niligundua jambo ambalo chuoni lilinipita kabisa.

Katika Kutoka 22:18 neno hili limekuwa “mwanamke mchawi”. Katika Kumbukumbu la Torati 18:10, neno lile lile katika umbo la kiume limekuwa “msihiri”. Mstari unaofuata, wa 11, unamtaja “mchawi”, lakini huyo ni mtu mwingine kabisa: Kiebrania kinamwita *yide’oni*, jina lililotoka katika kitenzi cha kujua, kwa hiyo ni “mjuzi” wa mambo ya mizimu. Katika Danieli 2:2, Nebukadreza anapowaita wataalamu wake wamweleze ndoto, watu wa mzizi wetu ni “wasihiri”, na wale walioitwa “wachawi” katika orodha hiyo wana jina jingine tena. Ukirudi Kutoka 7:11, mbele ya Farao, mzizi wetu unakuwa “wachawi” kwa mara nyingine.

Maana yake ni kwamba neno moja la Kiebrania limepewa majina mawili ya Kiswahili, na neno letu moja, mchawi, limebebeshwa mizigo ya maneno matatu ya Kiebrania.

Siwalaumu wafasiri. Walichukua maneno ambayo pwani na bara viliwapa: mchawi, mlozi, mwanga, msihiri, mganga, mpiga ramli. Kila moja lilikuwa na maisha yake kabla halijaingia katika kurasa za Maandiko, na hakuna hata moja lililozaliwa Kanaani. Hata “waganga” wa Farao wanatupotosha kidogo, kwa kuwa sisi tukisema mganga tunamwona mzee mwenye mitishamba na vibuyu, ilhali hao walikuwa wasomi wa ikulu ya Misri.

Hata hivyo uteuzi wa neno una uzito. Msomaji wa Shinyanga au wa Geita akisoma “msihiri”, anaona mtu wa mbali, wa zama za Musa, mwenye fimbo na maneno yasiyoeleweka. Akisoma “mchawi”, hana haja ya kwenda mbali.

Mchawi ana uso, na mara nyingi ana nyumba tunayoijua.

Katika majumba ya wafalme

Mzizi huu unatokea mara 13 tu katika Agano la Kale lote. Niliziandika zote kwenye karatasi moja, na kila siku baada ya kazi niliisoma karatasi hiyo upya, nikijiuliza: ni nani hasa wanaoitwa kwa jina hili?

Wapo watu wa Farao, waliotupa fimbo zao mbele ya Musa. Wapo watu wa Nebukadreza. Wapo wale ambao Yeremia 27:9 inawaonya wafalme wa mataifa jirani wasiwasikilize, kwa sababu wanawapa ushauri wa uongo kuhusu vita na Babeli. Katika Isaya 47 mwenye uchawi ni Babeli yenyewe, mji unaochorwa kama malkia aliyejiamini kwamba hatakuwa mjane kamwe, na katika Nahumu 3:4 ni Ninawi, mji mkuu wa Waashuri, unaouza mataifa kwa uchawi wake. Mika analitaja neno hili pamoja na farasi, magari ya vita na ngome, vitu ambavyo taifa huvitegemea badala ya Mungu.

Mwanamke pekee anayetajwa kwa jina pamoja na neno hili ni Yezebeli, katika 2 Wafalme 9:22. Mwanamume pekee anayetajwa kwa jina ni Manase, katika 2 Mambo ya Nyakati 33:6.

Malkia na mfalme.

Nililitazama hilo kwa muda mrefu. Katika mara zote 13 sikumkuta bibi mmoja maskini aliyetuhumiwa kwamba amemla mtoto wa jirani. Sikukuta kijiji kilichokaa kikao usiku. Sikukuta kesi hata moja, wala hukumu, wala mtu mmoja wa kawaida ambaye Maandiko yanasimulia kwamba aliuawa kwa mstari wa Kutoka 22:18. Sheria ipo, lakini hakuna simulizi ya utekelezaji wake. Kwa sehemu kubwa neno hili linaishi ikulu, karibu na watu wenye nguvu, kama ufundi wa kuajiriwa unaofanywa hadharani.

Sisi tumelitoa huko tukalipeleka jikoni kwa mjane.

Milango mitatu iliyofungwa

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka, na nadhani ni haki niyaeleze yalivyokuwa.

Kwanza nilijaribu neno la tatu, *tekhaye*. Sheria nyingine za kifo katika sura zile hutumia tamko zito, “hakika atauawa”, na ndivyo ilivyo hata katika mstari wa 19 unaofuata. Hapa tamko hilo halipo. Kuna “usimwache kuishi”, na wapo waliofikiri kwamba maana yake ni “usimpe riziki”, yaani usimwendee na kumlipa ili aendelee na kazi yake. Fikra hiyo ilinipendeza mno. Nilikaa nayo siku mbili nikiwa na furaha, mpaka nilipofika Kumbukumbu la Torati 20:16, ambapo maneno hayo hayo mawili, *lo tekhaye*, yanatumika juu ya miji ya Kanaani inayotekwa vitani. Pale hayana maana ya kunyima riziki. Pale maana yake ni kuua.

Mlango wa pili ulikuwa Kiyunani. Wayahudi wa Aleksandria walioitafsiri Torati katika karne ya 3 KK waliandika *farmakous*, tena kwa umbo la kiume na la wingi, kana kwamba hawakukubali kwamba sheria inamhusu mwanamke peke yake. Neno hilo ni ndugu wa *farmakon*, yaani dawa au sumu. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alishikilia kwamba mstari huu unawakataza watu wenye kuua kwa sumu, na alikuwa na sababu njema, kwa maana alikuwa anajaribu kuwaokoa wanawake vikongwe wa nchi yake. Lakini *farmakon* ni kama neno letu dawa. Dawa ni ya malaria, dawa ni ya panya, na dawa ni ile inayofukiwa kizingitini. Huwezi kulishika neno kama hilo na kulilazimisha libaki na maana moja.

Mlango wa tatu ndio ulioniumiza. Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, kina mzizi huu huu: *kishpu* ni uchawi, na *kashshaptu* ni mwanamke mchawi. Huyo kashshaptu tunamfahamu sana. Anatembea usiku, anaiba nguvu za kijana, anachukua unyayo na nywele za mtu, na anamfunga adui yake kwa chakula na kinywaji. Kuna ibada ndefu ya kujikinga naye, iitwayo *Maqlu*, iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo, na mwenye kuisoma akiwa amekulia Usukumani, Unyamwezini au Ugusii hatahitaji maelezo mengi. Hofu ile ni yetu.

Kwa hiyo sikuweza tena kusema kwamba neno la Kiebrania halikumjua mchawi wa usiku. Majirani wa Israeli walimjua, kwa jina lenye mzizi ule ule, na Waisraeli hawakuishi kisiwani.

Nilifunga vitabu kwa wiki nzima.

Sanamu ya nta

Niliporudi, nilirudi kwa swali jingine. Ikiwa hofu ilikuwepo tangu zamani, watu wa zamani walifanya nini nayo?

Jina *Maqlu* maana yake ni “kuunguza”. Lakini kinachounguzwa katika ibada ile ni sanamu. Mgonjwa na mtaalamu wake walifinyanga mfano wa mchawi kwa nta, kwa mafuta ya mnyama, kwa udongo, wakauchoma usiku kucha huku wakisema maneno yaliyoamriwa. Mchawi mwenyewe katika maneno hayo hana jina. “Wewe ni nani?” ndilo swali linalojirudia. Asubuhi mtu aliosha mikono, akaenda zake, na hakuna nyumba ya jirani iliyoungua.

Na pale ambapo mtu alitajwa kwa jina, sheria iligeuka na kumtazama mwenye kutaja. Sheria ya pili ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, ya karne ya 18 KK, inasema kwamba aliyetuhumiwa uchawi bila kuthibitishwa ataingia mtoni. Mto ukimshinda, mtuhumu atachukua nyumba yake. Mto ukimwacha salama, mtuhumu atauawa, na nyumba yake itakuwa ya yule aliyesingiziwa. Hukumu ya mto si hukumu ambayo ningeitamani kwa mtu yeyote. Hata hivyo kuna jambo mfalme yule alilielewa ambalo katika mtaa wangu tumelisahau, nalo ni kwamba nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna nyumba au kiwanja ambacho mtu anakitaka. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 19, inataka mashahidi wawili au watatu, na inamtaka shahidi wa uongo atendewe kile alichokusudia ndugu yake atendewe.

Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, waliendelea pale. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokusanywa kama mwaka 200 BK, inaligawa neno letu mara mbili. Afanyaye tendo lenyewe ana hatia. “Ashikaye macho” hana hatia ya kifo. Niliposoma maneno hayo nilisimama, kwa sababu Kiswahili hakihitaji mfasiri hapo: ni kiini macho. Mfano wanaotoa ni wa watu wawili wanaovuna shamba la matango kwa maneno ya uchawi. Mmoja amevuna kweli, na mwingine amewafanya watu waone kama amevuna. Wa kwanza ana hatia, wa pili ameachiliwa. Haitoshi kwamba mtu anaogopwa, wala haitoshi kwamba ameonekana kufanya jambo la ajabu. Lazima pawe na tendo, na lazima tendo hilo lithibitike.

Marabi hao hao, katika Talmudi, kitabu kinachoifafanua Mishna, walieleza kwamba sheria imetumia umbo la kike kwa sababu wengi wanaofanya mambo hayo ni wanawake. Nimelisoma hilo kwa huzuni. Hata waliokuwa waangalifu kuliko wote hawakusalimika na dhana ambayo imewagharimu wanawake maisha yao, kuanzia Ulaya, ambako kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa kwa tuhuma hizi baina ya karne ya 15 na ya 18, mpaka Ugusii nchini Kenya, ambako mwezi Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto, wengi wao wanawake wazee.

Hao hawakuwa sanamu za nta.

Mfalme aliyeachwa hai

Narudi kwa Manase, kwa kuwa ndiye aliyenirudisha kwenye maombi ya Alhamisi.

Mtu pekee ambaye Maandiko yanamtaja kwa jina na kusema wazi, kwa kitenzi hiki hiki, kwamba alitenda uchawi, ni mfalme wa Yuda. Hana minong’ono juu yake. Anashuhudiwa na mwandishi wa kitabu kitakatifu, pamoja na kosa la kuwapitisha wanawe motoni. Ikiwa kuna mtu mmoja ambaye “usimwache kuishi” ilimhusu bila shaka yoyote, ni yeye. Waashuri walimkamata wakampeleka Babeli akiwa amefungwa pingu, naye katika taabu yake akajinyenyekeza na kuomba. Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Alitawala miaka 55, kuliko mfalme mwingine yeyote wa Yuda.

Mwenye kutoa sheria ndiye aliyemwacha hai.

Sijui ni mara ngapi nimehubiri habari za toba ya Manase bila kuona kwamba yeye ndiye *mekhashef* pekee wa kiume tunayemjua kwa jina. Tumempa mfalme rehema kwa furaha, tukaimba. Mstari wa kifo tumewawekea akina bibi.

Alhamisi iliyopita niliomba nisome mimi. Nilisoma Kutoka 22 kuanzia mstari wa 18 mpaka wa 24, bila kuruka, ili mwanamke mchawi na mjane wasikike katika pumzi moja kama walivyoandikwa. Mstari wa 24 ni mkali kuliko wa 18, kwa sababu pale Mungu mwenyewe anasema atawaua kwa upanga wale wanaomtesa mjane. Kisha nikasoma Malaki 3:5, ambako wachawi, kwa mzizi ule ule, wamewekwa katika orodha moja na wenye kumwonea mjane, na shahidi dhidi yao wote ni Bwana wa majeshi. Nikaeleza mambo niliyoyaandika hapa, ikiwemo milango mitatu iliyofungwa.

Kijana alinyoosha mkono. “Mwalimu, mstari bado upo. Hujaufuta.”

“Sijaufuta,” nikamjibu. “Nakuomba tu uniambie ni tendo gani uliloliona kwa macho yako, na shahidi wako wa pili ni nani.”

Alitazama chini. Mama wa mtoto aliyefariki alikuwa ameketi upande wa pili wa chumba, naye alilia kwa sauti ndogo, na sikujua kama analia kwa sababu nimemwondolea mtu wa kumlaumu au kwa sababu nyingine. Msiba wake ni wa kweli. Mtoto alikufa kwa homa na hakuna aliyemweleza kwa nini, na mimi pia sikuwa na jibu la kumpa.

Ndama wa Endori

Bibi hakuwepo. Jumamosi nilikwenda kwake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda.”

Alikuwa anachambua mchele. Sikuwa nimepanga kusema mengi, lakini aliniomba nimsomee, kwa kuwa macho yake hayawezi tena maandishi madogo. Nilimsomea 1 Samweli 28, habari za yule mwanamke ambaye sote tumezoea kumwita mchawi wa Endori. Nilimweleza kwamba Kiebrania hakimwiti hivyo. Kinamwita mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, na neno la Kutoka 22:18 halimo katika sura ile. Hilo halikumgusa sana. Alitaka hadithi iendelee.

Nikasoma jinsi Sauli, aliyekuwa amewakatilia mbali watu wa aina hiyo, alivyomwendea usiku akiwa amejibadilisha mavazi, na jinsi mwanamke alivyoogopa kuuawa. Nikasoma jinsi mfalme alivyoanguka chini kwa njaa na hofu, na jinsi mwanamke yule alivyomsihi ale. Alikuwa na ndama aliyenona nyumbani mwake. Akamchinja upesi, akatwaa unga, akaukanda, akaoka mikate, akamwandalia mtu aliyekuwa ametoa amri wenzake wafutwe katika nchi.

Bibi aliacha kuchambua. Mkono wake ulibaki juu ya ungo.

“Huyo ndama,” akaniuliza, “alikuwa naye mmoja tu?”

Nilirudia mstari ule polepole, nikitafuta. Nikamwambia kwamba andiko linasema alikuwa na ndama aliyenona, na halitaji mwingine.

Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nisome tena kuanzia pale anapokanda unga.